Maghorofa kwa Kipimo cha Kambarage

Mita 209 ni kitu gani? Mwambie hivyo mzee wa Mhunze au Maganzo, ataitikia "haya" na kuendelea na kahawa yake. Mwambie ni viwanja viwili vya mpira vimesimamishwa wima, kimoja juu ya kingine, hapo kikombe kitawekwa chini. Basi kipimo chetu leo ni kimoja: kiwanja cha mita 105, goli hadi goli, ukipigie picha pale Kambarage, Shinyanga mjini. Tunasimamisha, tunahesabu, tunagawa ubingwa.

1. Bingwa wa Dar es Salaam

Jengo la Mamlaka ya Bandari, linaloitazama bandari yenyewe, lina mita 157. Kiwanja kimoja na nusu! Jirani yake na mshindani wake ni minara pacha ya PSPF, ghorofa 35, mita 150 na ushei. Pacha hao walitamba kuanzia 2014, kisha Bandari ikaja kuwapita kwa tofauti isiyofika hata upana wa goli. Mimi bado nawashangilia pacha. PSPF ulikuwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma kabla ya kuunganishwa na wenzake kuwa PSSSF mwaka 2018, kwa hiyo mwalimu wa Kishapu aliyekatwa mshahara wake miaka ile ana haki ya kusimama Posta, kuinua shingo, na kuitazama kwa jicho la mwenye nyumba.

2. Mjanja kuliko wote

Britam Tower, Nairobi, mita 200. Lakini hesabu ghorofa: 31 tu! Times Tower ya mji huohuo ina ghorofa 38 na imeishia mita 140. Siri iko kichwani. Juu ya paa la Britam imesimikwa nguzo ya mita 60 hivi, yenye mapanga matatu ya kufua umeme wa upepo. Ni kama mchezaji mfupi anayepimwa urefu akiwa amenyoosha mkono. Kanuni zinaruhusu, ubingwa wa Kenya ni wake, ila Times Tower ana sababu ya kununa.

3. Bingwa wa ukanda

Makao makuu ya Benki ya Biashara ya Ethiopia, Addis Ababa, yaliyozinduliwa Februari 2022. Mita 209: viwanja viwili kasoro mita moja! Limechongwa pembepembe kama almasi, na hapo watu wa Maganzo watatabasamu, maana wao almasi wamezoea kuishika kwa vidole viwili.

4. Sawa kwa sawa

KICC, Nairobi, 1973. Mita 105. Kiwanja kimoja kamili, bila kuzidi wala kupungua.

5. Mkongwe

Beit al-Ajaib, Zanzibar, kazi ya Sultan Barghash, 1883. Kwa urefu halifui dafu mbele ya hao wote, lakini ndilo lililotangulia Afrika Mashariki nzima kuwa na lifti. Kila anayebonyeza kitufe leo kule Posta anafuata nyayo za Forodhani. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na pengo lake lilionekana mpaka baharini.

6. Mrefu aliyelala

Hapohapo Unguja, maghorofa ya Michenzani. Yalianza kujengwa enzi za Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na marefu yake yanafika takriban mita 300 kutoka ncha hadi ncha. Yainue wima: karibu viwanja vitatu, na Addis Ababa imeshapoteza kombe.

7. Mpana

Kishapu nayo inaingia uwanjani. Mwamba wa almasi wa Mwadui, alioupata Mkanada John Williamson mwaka 1940, una hekta 146 usoni mwa ardhi. Hivyo ni viwanja zaidi ya 200! Maghorofa yote niliyoyataja yangeenea humo, na nafasi ya soko ikabaki.

8. Bingwa wa dunia, na anayemtoa jasho

Burj Khalifa, Dubai, tangu 2010: mita 828, viwanja vinane kasoro mita 12. Hata bingwa wa Afrika, Iconic Tower wa Misri, hafiki nusu yake. Kwenda juu, hakuna wa kumgusa.

Lakini nani kasema tuhesabu kwenda juu tu? Mgodi wa Bulyanhulu, Msalala, ndani ya mkoa wetu huuhuu wa Shinyanga, umeteremka zaidi ya mita 1,000 kuifuata dhahabu. Viwanja tisa na nusu! Mtumbukize Burj Khalifa mzima na ncha yake, mpandishie KICC kichwani, na bado ukichungulia kutoka juu hutaweza kuligusa paa. Kombe linabaki Shinyanga!