Je, Wajua? Kodi za gita la rithimu

Je, wajua kwamba E meja, kodi inayofundishwa mapema kwa karibu kila mwanafunzi wa gita, inapiga nyuzi zote 6 lakini ina noti 3 tu? E inasikika mara 3, B mara 2, G shapu mara 1. Hiyo G shapu, iliyo peke yake kwenye uzi wa tatu, ndiyo inayoamua kila kitu. Inua kidole cha shahada kutoka freti ya kwanza ya uzi huo, vingine uviache palepale, upige tena: imekuwa E maina, na wimbo umeingia huzuni.

Je, wajua kwamba noti hiyo, ya tatu katika skeli ya kodi, inaweza kuachwa kabisa? Wapiga roki hubakiza noti ya msingi na ya tano ya skeli hiyo, kodi isiwe meja wala maina. Mitetemo ya noti hizo mbili inakaribia sana uwiano wa 2 kwa 3, ndiyo maana hata amplifaya ikikwaruza zinaelewana. Ukiongeza ya tatu juu ya mkwaruzo mkali, sauti inavurugika. Dave Davies wa The Kinks aliichana koni ya spika kwa wembe ili aupate mkwaruzo wa "You Really Got Me", 1964.

Tony Iommi alizihitaji kodi hizo kwa sababu nyingine. Mwaka 1965, kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa shoto, hivyo huo ndio mkono wake wa kukandamiza nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea ncha za bandia. Mpigo mzito wa Black Sabbath umejengwa juu ya kodi ambazo vidole hivyo viliweza kuzishika.

Je, wajua kwamba Freddie Green alikaa na okestra ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki 1987, akipiga gita lisilo na umeme? Tarumbeta, saksofoni, piano, besi na ngoma zilimzunguka, naye alisikika. Mara nyingi kilichosikika katika kodi yake ni noti moja au mbili za nyuzi za kati. Nyingine alizizima kwa vidole. Namhesimu kuliko wapiga solo wengi. Piano ilishabeba kodi nzima, besi ilishabeba msingi. Nafasi iliyobaki ilikuwa nyembamba, na akaijaza kwa usahihi miaka 50.

Rege? Nyuzi 3 nyembamba zinatosha, zikakatwa haraka.

Je, wajua kwamba katika rumba ya Kongo magita mawili yanaweza kupiga C meja ileile kwa wakati mmoja bila kugongana? Mpiga rithimu anaishika karibu na kichwa cha gita, mpiga mi-solo (gita lililo kati ya rithimu na solo) anapanda hadi freti ya nane. Baadhi ya wapiga mi-solo wa Kongo huutoa uzi wa nne na kuweka mwembamba, uliopandishwa oktavu nzima, wakae mbali zaidi na mwenzao. Ukijiunga na bendi yenye gita jingine, tazama kwanza mkono wa mwenzako uko wapi shingoni. Mwenda Jean Bosco hakuwa na mwenzake wa kumtazama alipopiga "Masanga" mbele ya mashine ya kurekodi ya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, huko Jadotville, 1952. Gumba lake lilifanya kazi ya besi, kidole cha shahada kikaimba.

Je, wajua kwamba magita mengi ya Keith Richards yana nyuzi 5? Uzi wa sita ameutoa, zilizobaki zinasoma G, D, G, B, D. Akilaza kidole kimoja kwenye freti yoyote, ana meja kamili, na vidole vitatu bado viko huru.