Manyatta Ipi?

Bahasha imeandikwa kwa mkono: jina la mtu, namba ya sanduku, kisha Manyatta. Msimbo haupo. Sasa, Manyatta moja iko Embu, kwenye miteremko ya chai chini ya Mlima Kenya, na nyingine iko Kisumu. Mchambuzi wa barua hutazama jina. Akisoma Njeru au Nyaga, bahasha inakwenda Embu. Akisoma Otieno, inaelekea ziwani. Mara chache atakosea, maana Wakenya huhama, lakini mara nyingi atapatia, na kuamua kwake ni kufumba na kufumbua.

Msimbo wa posta ulikusudiwa kumwondolea mtu huyu mzigo wa kukisia. Embu ni 60100, Runyenjes 60103, Meru 60200, Chuka 60400, Chogoria 60401, Maua 60600. Anayechambua barua Nairobi halazimiki kujua Runyenjes iko wapi. Tarakimu mbili za kwanza, 60, zinamwambia kwamba barua ni ya upande huu wa mlima, au inapita huku kwenda Isiolo, Marsabit na Moyale. Ya tatu inatenganisha Embu na Meru, na mbili za mwisho zinataja posta yenyewe. Ukiwa na vishubaka kumi tu, ukapitisha barua mara tano, tarakimu baada ya tarakimu, unaweza kutenganisha vituo 100,000. Kompyuta nayo huweza kupanga orodha ndefu za namba kwa mbinu hiyo hiyo.

Na msimbo wa namna hiyo ndio uliomfungulia mlango mshindani wa mchambuzi. Mashine haijui Njeru ni mtu wa wapi, lakini inaweza kufundishwa umbo la 6. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake katika maabara za Bell, New Jersey, walichukua tarakimu zaidi ya 9,000 zilizoandikwa na watu kwenye bahasha zilizopita posta ya Buffalo, New York. Sehemu kubwa waliitumia kufundishia mtandao wa nyuroni, nyingine wakaiweka kando kwa mtihani. Mtandao haukupewa kanuni yoyote ya jinsi 7 inavyochorwa. Ulionyeshwa mifano, ukasahihishwa, ukajirekebisha, mpaka katika mtihani ukawa unakosea takriban tarakimu 5 katika kila 100. Teknolojia inayotambua nyuso na sauti leo imetoka katika ukoo huo, na somo lake la awali lilikuwa bahasha.

Kukosea 5 katika 100 kunaonekana kudogo. Lakini msimbo wa Kenya una tarakimu tano, na zote lazima zisomwe sawa. Zidisha 0.95 mara tano: unapata kama 0.77. Karibu barua moja katika kila nne ingepotea njia. Ndiyo maana mashine za posta ziliruhusiwa kukiri shaka. Huko Marekani picha ya bahasha isiyosomeka ilitumwa kwa mtu aliyeketi mbele ya skrini, akasoma yeye na kuandika anwani. Vituo vya kazi hiyo vilifikia 55 mwaka 1997. Kufikia 2013 vilibaki viwili, kwa sababu mashine ilizidi kujifunza kusoma hata miandiko mibaya. Mwaka huo huo Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Oxford walipima kazi 702, na wachambuzi wa barua wakaangukia kundi la hatari kubwa.

Kwa Meru na Embu, hata hivyo, hesabu ni nyingine. Mashine kubwa ya kuchambua hupitisha barua zaidi ya 30,000 kwa saa, na gharama yake hurudi pale tu barua zinapomiminika. Hapa hazimiminiki. Kilichopunguza kazi ya mchambuzi ni simu iliyo mfukoni mwa mwenye barua. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kijana wa Nairobi aliyekuwa akimtumia mamake wa Nkubu hundi ya posta alipata njia ya sekunde chache. Barua za kuitwa Kidato cha Kwanza zikaja kupakuliwa kwenye intaneti. Bili za umeme huja kwa ujumbe mfupi. Huko Denmark shirika la posta, PostNord, limefika mwisho wa njia hiyo: liliacha kusambaza barua mwishoni mwa 2025, huduma iliyoanza 1624, baada ya barua kupungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 2000. Mashine za kuchambua zilikuwapo, nazo zikakosa kazi pamoja na watu.

Kilichobaki ni vifurushi. Kwenye barabara ya Embu hadi Meru vingi husafiri kwa matatu, namba ya simu ikiwa imeandikwa kwa kalamu nene juu ya boksi. Mwaka 2016 mfumo wa MPost, kwa ushirikiano na Posta, uliigeuza namba ya simu kuwa anwani rasmi. Ni wazo zuri, nami naliunga mkono, kwa sababu watu wengi hawajawahi kumiliki sanduku.

Lakini simu huzimwa na laini hubadilishwa. Hapo karani hurudi kwenye swali la zamani: nani anamfahamu huyu? Kwa miaka mingi familia nyingi zilipokea barua kupitia sanduku la shule, kanisa au kiwanda cha chai, na mchambuzi mkongwe anajua sanduku lipi huhudumia kijiji kipi, na ukoo upi uko wapi. Maarifa hayo yako kichwani mwa watu wanaokaribia kustaafu, katika shirika ambalo limewahi kuwacheleweshea mishahara. LeCun alihitaji maelfu ya mifano ili mashine isome tarakimu kumi. Atakayetaka mashine ifikishe kifurushi Kianjokoma au Igoji atahitaji mifano ya wazee hawa, na ingefaa waulizwe wakiwa bado kazini, na walipwe kwa kuulizwa huko.