Mitishamba na Mdondo wa Kuku: Maabara Hupima Nini?

Kila kiangazi kinapokolea na upepo kuanza kuvuma, ofisi za mifugo za kata hupokea taarifa zinazofanana. Kuku wamezubaa, mbawa zimeshuka, kinyesi kimekuwa cha kijani, wengine shingo zimepinda, na baada ya siku chache banda limebaki tupu. Huo ndio mdondo, ambao baadhi ya wafugaji huuita kideri. Katika kundi lisilochanjwa ugonjwa huu waweza kuua kuku tisa kati ya kumi, na wakati mwingine haubakizi hata mmoja. Hasara hiyo si ya kitoweo pekee. Kuku ndiyo akiba inayouzwa sare ya shule inapohitajika au nauli ya kwenda kituo cha afya inapokosekana, na katika kaya nyingi ndiyo mali pekee ambayo mama wa nyumbani huiamulia bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Mdondo husababishwa na virusi. Virusi havifi kwa dawa za kuua bakteria, na unga wa antibiotiki unaouzwa madukani na kukorogwa katika maji ya kuku, hata ungekolezwa namna gani, hauvigusi. Hakuna dawa ya kisasa iliyothibitishwa kutibu mdondo kuku akishaugua. Pengo hilo ndilo linalowafanya wafugaji wageukie mshubiri, pilipili kichaa, muarobaini na utomvu wa miti mbalimbali, na ndilo pia lililowafanya watafiti wa humu nchini waichukue mimea hiyo na kuipeleka maabara badala ya kuibeza.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kimeshughulikia suala hili kwa miaka mingi. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mchanganyiko wa pilipili, limau na mpungate dhidi ya mdondo. Mwaka 2002 ukafuata utafiti wa mshubiri aina ya Aloe secundiflora, ambamo kuku waliambukizwa mdondo kwa makusudi. Mwaka 2012 ikachapishwa kazi juu ya Commiphora swynnertonii, mti wa nyika kavu ambao Wamasai huuita oltemwai na ambao ni wa jamaa moja na mti wa manemane. Wafugaji wa Simanjiro wamekuwa wakiutumia utomvu wake kwa mifugo tangu zamani. Mmea mwingine uliochunguzwa ni mvunjakongoja, unaojulikana sana katika nyanda za juu kusini.

Upimaji wenyewe hauanzi kwa kuku. Huanzia kwenye yai. Virusi haviwezi kuzaana peke yao katika chupa ya maji. Vinahitaji chembe hai, na yai lenye kiinitete ni banda dogo lililo tayari. Mtafiti huchukua mayai yaliyoatamiwa kwa siku tisa hadi kumi na moja na kuyamulika kwa taa gizani ili aone kama kiinitete ki hai na mishipa yake ya damu imetanda vizuri. Kisha hutoboa tundu dogo kwenye gamba, huingiza kiasi kilichopimwa cha virusi pamoja na dawa iliyokamuliwa kutoka katika mmea, huziba tundu kwa nta na kuyarudisha mayai katika mashine ya kutotoleshea. Kila siku humulikwa tena. Kiinitete kikifa ndani ya saa 24 za mwanzo hakihesabiwi, kwa kuwa huenda kilijeruhiwa na sindano.

Mayai hayo hayaokotwi popote. Kuku aliyechanjwa hupitisha kingamwili zake katika kiini cha yai, na kingamwili hizo zaweza kuzuia virusi hata kama dawa ya mitishamba haikufanya lolote. Kwa hiyo mayai hutafutwa kwa kuku ambao hawajachanjwa wala kuugua mdondo. Mtu akiruka hatua hii, mmea hupewa sifa ambayo kwa haki ni ya chanjo.

Jaribio huwa na makundi kadhaa ya mayai. Kundi moja hupewa virusi peke yake, jingine dawa peke yake, jingine maji yasiyo na kitu, na jingine virusi na dawa pamoja. Kundi la dawa peke yake ndilo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ni la lazima: utomvu mkali waweza kuua virusi na kuua kiinitete pia. Utomvu wa mvunjakongoja, kwa mfano, huwasha ngozi na ni hatari ukiingia machoni, na mtu asingependa kuunywesha kuku bila kujua kipimo. Kwanza hutafutwa kiwango ambacho hakimdhuru kiinitete, ndipo huulizwa kama kiwango hicho hicho kinavizuia virusi.

Jibu hutolewa na damu. Virusi vya mdondo vina tabia ya kuzishika chembe nyekundu za damu ya kuku na kuziunganisha. Mtafiti huchukua majimaji ya ndani ya yai, huyazimua hatua kwa hatua katika sahani yenye vishimo vidogo, na katika kila kishimo hutia matone ya damu iliyooshwa. Palipo na virusi, chembe hutanda kama utando. Pasipo na virusi, huzama na kufanya kitone chekundu katikati ya kishimo. Kwa kuhesabu vishimo vilivyotanda, mtafiti hujua virusi vilizaana kwa wingi gani. Kwa njia ya namna hii ilionekana kwamba utomvu wa oltemwai ulipunguza kuzaana kwa virusi katika mayai. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, na wafugaji waliokuwa wakiuamini mti huo hawakuwa wajinga.

Lakini yai si kuku. Mara nyingi katika majaribio ya mayai dawa na virusi hukutanishwa kabla au wakati wa kuingizwa, na dawa hupata nafasi ya kuvishambulia virusi uso kwa uso. Mfugaji hana nafasi hiyo. Anapoona kuku amezubaa, virusi vimekwisha kukaa mwilini siku kadhaa, vimo katika mapafu, matumbo na ubongo. Dawa inayonyweshwa hupita kwanza katika firigisi na utumbo, huvunjwavunjwa na ini, na haijulikani ni kiasi gani kinachofika mahali virusi vilipo. Zaidi ya hapo, kuku mgonjwa hunywa maji kidogo kuliko mzima, na hivyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayepata kidogo.

Utafiti wa mshubiri wa mwaka 2002 unalionyesha jambo hili vizuri. Vifo vilipungua kwa kiasi kwa kuku walioanza kupewa dawa kabla ya kuambukizwa, havikukoma. Mshubiri, kwa maneno mengine, ulionekana kuusaidia mwili ujiandae, wala haukuwa tiba ya kumnusuru kuku aliyekwisha kuanguka. Hakuna mmoja kati ya tafiti zilizotajwa uliowapa wataalamu sababu ya kumshauri mfugaji aache chanjo.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba mitishamba imewaponyesha kuku wao? Mara nyingi wanasema kweli juu ya walichokiona. Ndui ya kuku, ile inayoota vidonda kwenye upanga na kuzunguka macho, nayo ni ya virusi, lakini kuku wengi hupona wenyewe baada ya wiki tatu au nne. Aliyepaka utomvu wiki ya pili ataona vidonda vimekauka wiki ya nne, na sifa itakwenda kwa utomvu. Mafua ya kawaida hudhaniwa kuwa mdondo. Hata katika mdondo wenyewe hubaki kuku wachache, na hao ndio wanaosimuliwa. Pasipo kundi la kulinganishia, jicho peke yake haliwezi kutenganisha dawa na bahati.

Kuna pia tatizo la kipimo. Majani yaliyochumwa masika hayana nguvu sawa na ya kiangazi, udongo nao huchangia, na «kiganja kimoja» cha mtu mmoja si cha mwingine. Kabla mmea haujawa dawa ya kuuzwa, lazima ijulikane ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi, ni kiasi gani, na kama mabaki yake katika nyama na mayai hayamdhuru mlaji. Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na anayeuza chupa isiyosajiliwa akidai inatibu mdondo anavunja sheria, hata kama ndani ya chupa mna mmea wenye sifa njema.

Mfugaji mwenye ujuzi wa mmea fulani anaombwa asiufiche wala asiuharibu kwa kung'oa mizizi ovyo. Ofisa mifugo wa kata anaweza kuandika jina la kienyeji, sehemu inayotumika na namna inavyoandaliwa. Tafiti zilizotajwa hapo juu zilianza kwa maelezo ya namna hiyo kutoka vijijini.

Kwa sasa kinga ya uhakika ni chanjo ya I-2, inayozalishwa nchini na Taasisi ya Chanjo Tanzania (TVI), Kibaha, kwa jina la TEMEVAC. Chanjo hii huvumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, ingawa haipaswi kuachwa juani. Kila kuku, awe kifaranga au jogoo, hupewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hupewa kuku wazima tu, na yafaa itolewe mwezi mmoja kabla ya msimu wa ugonjwa; kuchanja wakati kuku wameanza kufa huwa ni kuchelewa, na mchanjaji mwenyewe aweza kuvibeba virusi kwa mikono na viatu kutoka banda moja hadi jingine. Kuku waliokufa wachomwe au wafukiwe kwenye shimo refu, na waliosalia wasipelekwe mnadani.

Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, nayo ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Wakazi wa kitongoji wanashauriwa kuchagua siku moja, kuchangia chupa, na kumwarifu ofisa mifugo wa kata mapema. Kuku wachanjwe alfajiri kabla hawajafunguliwa.