Karafuu Kwenye Ncha ya Mzizi

Wapemba wanaijua dawa ya jino: tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba. Kliniki nayo inaijua. Yujenoli, kiambato kikuu cha mafuta hayo, ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki huwa uji mzito wa kuzibia mzizi, pamoja na vijiti vya gataperka. Aliyezikimbia dawa za bibi hukutana na karafuu ileile, safari hii kwa risiti.

Tishu hai iliyo nje ya ncha ya mzizi huipokea yujenoli kwa kuangalia kipimo. Yujenoli kidogo hutuliza maumivu. Ikizidi huua seli. Mchanganyiko huwa mkali zaidi ukiwa mbichi, na hata ukishaganda, unyevu wa mwili huendelea kuumega na kuachia yujenoli kidogo kidogo. Ukibaki ndani ya mzizi, sehemu unayoigusa ni ndogo mno, na uvimbe wa siku za mwanzo kwa kawaida hupoa. Ukisukumwa nje, kwenye magego ya chini ambako neva hupita jirani na mizizi, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Pasta zenye paraformaldehaidi zilikuwa na hatari zaidi, ingawa zilisifiwa kwa kuua vijidudu. Formaldehaidi haiulizi seli ni ya nani.

Gataperka ina sifa ya upole, lakini upole wenye masharti. Mwaka 1995 Sjögren, Sundqvist na Nair waliipandikiza kwenye miili ya simbilisi. Vipande vikubwa vilizungushiwa utando wa kolajeni vikaachwa vilivyo. Chembe laini ziliwaita makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, na seli kubwa zenye viini vingi. Kijiti hakimezeki, ila chembe mwili unajaribu.

Hata hivyo, mabishano kuhusu saruji ipi ni bora hunichosha nikikumbuka jaribio la Kakehashi na wenzake la mwaka 1965. Panya waliolelewa bila vijidudu walitobolewa meno hadi kwenye kiini, yakaachwa wazi, chakula kikajazana humo, na bado walijijengea daraja la dentini. Kwa panya wa kawaida, kiini kilikufa na majipu yakafuata. Mfereji wa mzizi ukiwa mchafu utaishinda saruji yoyote.

Saruji inayopendwa zaidi na tishu ni MTA, iliyobuniwa miaka ya 1990 na Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California. Ni ndugu wa karibu wa saruji ya Portland, ile ya kujengea nyumba, isipokuwa bei. Huganda penye majimaji na kutoa hidroksidi ya kalsiamu. Mwanzoni huunguza tishu kidogo, kisha sementamu mpya huweza kuota juu yake. Kasoro yake ni oksidi ya bismuthi, iliyotiwa ili ionekane kwenye eksirei: huweza kuligeuza jino kuwa kijivu, ndiyo maana madaktari husita kuitumia kwenye meno ya mbele.