Taasisi za Kilimanjaro Zinavyoweza Kunufaika na Fedha za Utafiti za Ulaya

Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji walichimba sakafu ya Ziwa Chala, lililo kaskazini mwa mji wa mpakani wa Holili, na kutoa nguzo ya tope yenye urefu wa takriban mita 215. Tope hilo limehifadhi historia ya mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa takriban miaka 250,000. Ziwa hilo limegawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya, na maarifa yake yanawahusu wakulima wa pande zote mbili. Swali la msingi ni hili: taasisi za eneo hili zifanye nini ili ziwe wabia kamili wa tafiti za namna hiyo?

Chanzo kikubwa cha fedha hizo ni Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 hadi 2027, uliopangiwa awali bajeti ya takriban Euro bilioni 95.5. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi za kipato cha chini na cha kati, inaruhusiwa kugharamiwa moja kwa moja na mpango huo. Chuo kikuu, hospitali, halmashauri, chama cha ushirika au asasi ya kiraia iliyosajiliwa kisheria inaweza kushiriki.

Hata hivyo, kwa kawaida taasisi haiombi ikiwa peke yake. Kanuni ya jumla inataka angalau taasisi 3 huru kutoka nchi 3 tofauti, zote za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga rasmi na mpango, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama wa Umoja huo. Taasisi ya Tanzania huongezwa juu ya hizo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta wabia mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Hatua ya pili ni kujisajili katika mfumo wa maombi wa Kamisheni ya Ulaya na kupata namba ya utambulisho yenye tarakimu 9. Hatua ya tatu ni andiko la mradi, ambalo hupimwa kwa vigezo vitatu: ubora wa kisayansi, matokeo kwa jamii na ubora wa utekelezaji. Kila kigezo kina alama 5. Kwa kawaida andiko hutakiwa kupata angalau alama 3 katika kila kigezo na jumla ya alama 10 kati ya 15. Lisilofikia hapo haligharamiwi.

Mkoa wa Kilimanjaro una uzoefu wa kujivunia. Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kilimanjaro, iliyopo Moshi, ilishiriki katika mtandao wa PanACEA wa kutafuta tiba fupi ya kifua kikuu, uliogharamiwa kupitia EDCTP, ubia wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya kitabibu ulioanzishwa mwaka 2003. Jaribio lake moja liliwahusisha wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini. Ubia huo sasa unaendelea ndani ya Horizon Europe.

Ushindi wa andiko hauondoi wajibu wa kisheria nchini. Watafiti kutoka nje huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na tafiti za afya hupitia idhini ya kimaadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Taasisi inashauriwa pia kukubaliana kwa maandishi, kabla ya kazi kuanza, kuhusu umiliki wa takwimu, usafirishaji wa sampuli, mgao wa bajeti na majina ya waandishi wa machapisho. Anayeingia mwishoni hubaki kuwa mkusanyaji wa takwimu tu, huku uamuzi ukifanyika kwingine.

Mwisho ni utunzaji wa hesabu. Stakabadhi na nyaraka za mradi hutakiwa kuhifadhiwa kwa kawaida miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, kwa kuwa gharama isiyo na ushahidi inaweza kudaiwa irejeshwe. Taasisi inayotaka kushindana haina budi kuanza na mhasibu na mfumo imara wa kumbukumbu, sambamba na mwanasayansi wake.