Kitenzi "Kufuta" katika Ahadi za Uingereza baada ya Kutoka Umoja wa Ulaya

Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, kanuni zilizorithiwa hazikutoweka. Sheria ya mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kuziingiza katika sheria za ndani, ili nchi isijikute haina kanuni za chakula wala mazingira. Wanasiasa waliahidi kuzifuta. Mwaka 2022, Rishi Sunak akiwania uongozi wa chama, video ya kampeni yake ilionyesha nyaraka zikikatwakatwa kwa mashine. Na mswada wa Septemba mwaka huo uliamuru kwamba kanuni isiyookolewa na waziri ingekufa yenyewe tarehe 31 Desemba 2023.

Kitenzi kufuta hudai yambwa, na yambwa yenyewe haikujulikana. Orodha ya serikali ilianza na takriban 2,400. Kufikia Mei 2023 ilikaribia 4,800. Kanuni iliyosahauliwa ingefutika pamoja na haki iliyoibeba, mathalani likizo yenye malipo, bila Bunge kuijadili.

Mei hiyo Waziri Kemi Badenoch aligeuza utaratibu: zingekufa zilizotajwa tu. Sheria iliyopitishwa Juni ilitaja 587, nyingi zikiwa zimekwisha kupitwa na wakati. Ukuu wa sheria ya Ulaya ulikoma kweli; lakini maelfu ya kanuni zilizosalia zilipewa jina jipya tu kuanzia 1 Januari 2024. Istilahi ya Kiingereza iliyoteuliwa ni ileile ambayo wanafonolojia wa Kiswahili huiita usilimisho.