Miguu isiyolala: Dawa inapogeuka kuwa chanzo cha mateso

KWA abiria wengi wa mabasi ya masafa marefu kati ya Nairobi na Kampala, au Dar es Salaam na Kigali, kero kubwa ni foleni ya mpakani na baridi ya alfajiri. Yupo abiria mwingine ambaye kero yake ni kiti chenyewe. Jua likishazama, miguu yake huanza kumsumbua kwa namna asiyoweza kuieleza. Akiinyoosha anapata nafuu kidogo, akiikunja usumbufu unarudi, na angeruhusiwa angetembea kwenye ujia wa basi hadi kunakucha.

Kitaalamu hali hiyo huitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia. Wenye nao hutofautiana katika kuueleza. Wapo wanaosema ni kama wadudu wanatambaa ndani ya mfupa, wengine kama soda inachemka kwenye mishipa, na wengine husema tu kwamba mguu unataka kwenda. Madaktari huutambua kwa mambo manne: hamu kubwa ya kuchezesha miguu, hamu inayokuja mtu anapopumzika, inayopungua anapotembea, na inayozidi jioni na usiku. Hapo ndipo unapoachana na ganzi na moto wa miguu unaowapata wenye kisukari, kwani moto huo kwa kawaida hauondoki kwa kutembea.

Ugonjwa huu si mgeni. Daktari Thomas Willis wa Uingereza aliuandika mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akauchambua kwa kina mwaka 1945. Kilicho kipya ni mgogoro kuhusu tiba yake, na walioufikisha mbele ya madaktari ni wagonjwa wenyewe.

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha ropiniroli kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, na mwaka uliofuata ikaja pramipeksoli. Zote mbili ziliazimwa kutoka tiba ya Parkinson, na hufanya kazi kwa kuiga dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuratibu miondoko ya mwili. Wagonjwa waliokesha kwa miaka mingi walilala usiku wa kwanza au wa pili. Kwa mtu ambaye ndoa yake, kazi yake na akili yake vimeyumba kwa kukosa usingizi, hilo si jambo dogo, na haishangazi kwamba wengi waliziita dawa za muujiza.

Muujiza huo ulikuwa na deni lake. Baada ya miezi au miaka, usumbufu uliokuwa ukianza saa nne usiku huanza saa kumi na mbili jioni, kisha saa nane mchana. Uliokuwa miguuni hupanda hadi mikononi. Mgonjwa anamweleza daktari kwamba hali imekuwa mbaya, naye anaongeza dozi. Wiki chache za nafuu, kisha ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Ni dawa yenyewe inayouchochea ugonjwa, lakini kwa macho ya kawaida huonekana kama ugonjwa tu unaoendelea kukua, na ndiyo maana wengi walipandishiwa dozi kwa miaka kabla ya mtu yeyote kushtuka.

Onyo lilikuwepo mapema. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliripoti kuwa kati ya wagonjwa waliokuwa wakitumia levodopa, dawa nyingine ya kundi hilo, takriban 8 kati ya 10 walipatwa na hali hiyo. Kwa ropiniroli na pramipeksoli mambo huenda polepole zaidi: hukadiriwa kuwa wagonjwa 7 au 8 katika kila 100 huingia mtegoni kila mwaka.

Kuna athari nyingine ambayo wagonjwa huona aibu kuitaja. Dawa hizi huweza kulegeza breki za mtu: akacheza kamari bila kiasi, akanunua vitu asivyovihitaji, au akashindwa kudhibiti matamanio ya ngono. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Rennes, Ufaransa, iliamuru mgonjwa mmoja wa Parkinson aliyefilisiwa na kamari alipokuwa akitumia ropiniroli alipwe karibu euro 200,000 na mtengenezaji wa dawa. Katika miji yetu, ambako kubeti kumehamia kwenye simu ya kila kijana na mzee, mgonjwa wa namna hiyo angeitwa mlevi wa kamari tu, na hakuna ambaye angemuuliza anameza nini.

Kuziacha dawa hizi nako ni safari nyingine. Hazikatizwi ghafla. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, na wanaopita njia hiyo husimulia siku kadhaa za kukosa usingizi kabisa, miguu ikirusharusha kama vile inalipiza kisasi. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia kidonge. Wanaovuka, mara nyingi hugundua kwamba ugonjwa wao wa asili ulikuwa mdogo kuliko ule uliotengenezwa na dawa.

Januari 2025, wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani walichapisha mwongozo mpya wenye kugeuza mambo: dawa za kundi la dopamini zisiwe tena tiba ya kawaida. Zinazotangulizwa sasa ni gabapentini na pregabalini. Nazo zina malalamiko yake. Wagonjwa hutaja kizunguzungu, uzito kuongezeka, miguu kuvimba na usingizi mzito asubuhi, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Lakini hazina ile tabia ya kuugeuza ugonjwa dhidi ya mwenyewe.

Jambo lenye uzito zaidi kwa Afrika Mashariki katika mwongozo huo ni madini ya chuma. Unataka kila mgonjwa apimwe akiba yake ya chuma kwanza, kwa kipimo kiitwacho feritini, na akiba ikiwa ndogo aongezewe kwa vidonge au kwa dripu. Si ugunduzi wa jana. Daktari Nordlander wa Sweden aliwatibu wagonjwa wake kwa sindano za chuma mwaka 1953, kisha dunia ikasahau kwa miongo kadhaa, hadi vidonge vya kisasa vilipoanza kuwageuka wagonjwa.

Ni vyema kulielewa hili sawasawa, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakitoshi. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha huku akiba yake ya chuma imekwisha, na ubongo ndio unaoonja njaa hiyo kwanza. Kwa mtu mwingine feritini ya 50 ingepita bila maneno, lakini kwa mwenye miguu isiyotulia, ikiwa 75 au chini ya hapo, vidonge hufikiriwa. Katika ukanda wenye malaria na maambukizi mengi kuna tatizo la ziada: uvimbe wa mwili huipandisha feritini kwa uongo, hivyo mtu mwenye homa anaweza kuonekana ana akiba ambayo hana.

Wanaokabiliwa zaidi wanajulikana. Takriban mjamzito mmoja kati ya watano hupatwa na hali hii, zaidi miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi huisha baada ya kujifungua. Wagonjwa wa figo ndio wenye mateso makubwa, kwani kusafishwa damu ni kulala kitandani saa nne bila kutikisika. Kwao, kupandikizwa figo mara nyingi huondoa tatizo.

Je, ugonjwa huu upo kwetu kwa kiasi gani? Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa kuwapata watu wazima 5 hadi 10 katika kila 100. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watu zaidi ya 7,000 kaskazini mwa Tanzania, ulikuta hata mmoja kati ya 100 hafikiki. Huenda kweli ni haba. Huenda pia ni vigumu kumhesabu mtu ambaye lugha yake haina jina la anachokiugua, na ambaye nyumbani huambiwa ni uchovu, ni uzee, au ametupiwa kitu.

Mtu huyo huishia duka la dawa, na huko anaweza kuongezewa moto. Piriton na Phenergan, ambazo wengi humeza ili wapate usingizi, huzidisha usumbufu wa miguu. Plasil, inayotolewa kwa kichefuchefu hata kwa wajawazito, nayo ni hivyo hivyo, kwa kuwa huizuia dopamini. Hata amitriptilini, ambayo hupewa wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, imo kwenye orodha. Akibahatika kumfikia daktari anayeujua ugonjwa, dawa iliyo karibu yaweza kuwa levodopa, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya Parkinson. Ndiyo ile ile iliyowageuka wagonjwa 8 kati ya 10 Marekani.

Vidonge vya chuma, kwa upande mwingine, vipo katika kliniki za wajawazito kote kwenye ukanda huu. Huchukua wiki nyingi kuleta nafuu, hufunga choo na kukifanya cheusi, na havipatani na chai: vikimezwa pamoja na kikombe cha asubuhi, sehemu kubwa ya chuma hupotea. Ni afadhali maji, au juisi ya chungwa. Havimezwi kwa kubahatisha pia. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi tayari, na kwake kidonge hicho ni sumu, ndiyo maana kipimo cha feritini hutangulia.